Jiko Chomboni: Moto, Upepo na Msamiati Kaskazini mwa Ziwa Tanganyika

Mtu atokaye Kiringye na kuuteremka uwanda wa Ruzizi hadi Uvira hukuta neno moja lenye maana mbili. Huko makala hununuliwa kwa gunia na kupikiwa. Katika jarida la chuo, makala husomwa. Kwa hakika ni maneno mawili yaliyokutana njiani. La kwanza ni la Kibantu, nalo ndilo lile lile makaa la pwani, ila Kiswahili cha pwani kimeidondosha sauti l ambayo lugha nyingi za bara zimeihifadhi. La pili limetoka katika Kiarabu. Chombo cha kuwashia makala hayo huitwa mbabula, jina ambalo Warundi wa upande wa pili wa ziwa hulitambua mara moja katika imbabura yao, ilhali msomaji wa Mombasa au Zanzibar angesema jiko la makaa, au, akiwa na umri wa kutosha, seredani.

Tofauti hizi hazina madhara zikibaki nchi kavu. Ndani ya mashua ya tanga, ambamo mbao, kamba, nguo ya tanga na watu vimebanana katika hatua chache, jina la jiko na jina la kitu kiwakacho ndani yake huweza kuwa jambo la uhai.

Inafaa kuanza na swali la kama jiko linahitajika kabisa. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi, lakini upana wake ni mdogo, kwa wastani kilomita 50, na chombo kidogo kinachoambaa pwani kinaweza kutua karibu kila siku. Ndivyo walivyosafiri Burton na Speke walipokwenda Uvira kwa mitumbwi mwezi Aprili 1858: wapiga makasia walitua ufukweni mara kwa mara, na moto ukawashwa juu ya nchi. Mafiga matatu na kuni zilizookotwa bado ni jiko lililo bora kuliko yote kwa baharia anayeweza kutua. Wavuvi wa ndagala nao hutoka jioni na taa zao na kurudi alfajiri, hivyo chakula chao huwangoja nyumbani. Haja ya jiko chomboni huwapata wale wanaosafiri mbali zaidi, kuelekea Baraka au kuvuka hadi Kigoma, hasa kati ya Mei na Septemba, upepo wa kusini-mashariki unapovuma kwa nguvu na mawimbi kuufanya ufukwe usiendeke.

Mabaharia wa majahazi ya Bahari ya Hindi walikwisha kulijibu swali la mahali pa moto zamani sana. Walitengeneza sanduku la mbao, wakalijaza mchanga au udongo, wakaweka moto juu yake. Mchanga ndio siri ya jiko hilo, kwani mbao haihitaji kuguswa na mwali ili iungue. Bati la mbabula lililowekwa moja kwa moja juu ya ubao huupasha joto kwa saa nyingi, ukakauka, ukageuka kahawia, kisha ukaanza kufuka kwa ndani bila mtu kuona. Tabaka la mchanga lenye kina cha kiganja hulizuia joto hilo. Tena hunywa mafuta yanayomwagika na huwa tayari kutupwa juu ya moto uliopotoka.

Sanduku huwekwa demani, yaani upande usiopata upepo, ili cheche zirushwe majini badala ya kupeperushwa kwenye tanga. Hapa wageni wa kazi hii hukosea: nahodha anapobisha na tanga kugeuzwa, demani ya sasa ndiyo goshini ya baadaye. Mpishi hulazimika kulihamisha sanduku au kuufifisha moto kabla ya amri kutolewa. Kwa sababu hiyo mpishi na nahodha hawawezi kuwa watu wasiosemezana.

Kati ya majiko yenyewe, mbabula ina heri nyingi. Ni fupi, ni nzito chini, na haimwagi kitu kinachowaka isipokuwa kaa lenyewe. Jiko la makaa lenye kiuno na udongo wa kuchoma ndani, lililoenea kutoka Nairobi tangu miaka ya 1980 kwa kufuata mfano wa Thailand, hutumia makaa machache zaidi, ingawa udongo wake hupasuka ukigongwa au ukirushiwa maji ya ziwa ungali moto. Adui wa majiko haya yote ni hewa ya monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mvua inaponyesha na wasafiri wakajifunika turubai, jiko halistahili kuingizwa chini yake, hata kama baridi ni kali na makala yameonekana kuwa yamekwisha kuwa majivu.

Jiko la primasi, lililobuniwa Sweden mwaka 1892, hutoa joto kali kwa muda mfupi. Pampu husukuma mafuta ya taa kwenye bomba lililopashwa moto, nayo yakageuka mvuke na kuwaka kwa mwali wa buluu. Udhaifu wake chomboni ni miguu. Kuchemsha chai si tatizo. Kusonga bugali wa muhogo ni jambo jingine, kwani mwiko husukuma sufuria kwa nguvu ya mabega, na jiko lenye miguu mitatu myembamba halikuundwa kwa kazi hiyo. Lazima sufuria ifungwe kwa vishikio na jiko lipigiliwe sandukuni. Majiko yanayoning'inia kwa bembea, ambayo Wazungu huyapenda katika mashua zao za starehe, huweka supu sawa katika mawimbi. Hakuna awezaye kusonga bugali juu ya bembea. Sombe nayo, kwa kuwa huchemka kwa muda mrefu na kula mafuta mengi, hupikwa kabla ya kung'oa nanga.

Jambo la kutisha zaidi limo katika neno petroli. Katika Kiswahili cha Uvira, kwa athari ya Kifaransa, petroli ni mafuta ya taa, na mafuta ya injini huitwa esanse. Katika Kiswahili cha Kigoma, petroli ni mafuta ya injini. Msafiri wa Uvira anayeingia duka la Kigoma na kuomba petroli ya jiko lake anaweza kupewa, kwa adabu na kwa kipimo kamili, kitu kitakachomuunguza. Mafuta ya taa hayatoi mvuke wa kutosha kushika moto mpaka yafikie nyuzi 38 hivi za Selsiasi au zaidi. Mafuta ya injini huutoa hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Kamusi nyingi hufasiri neno hili kwa maana ya Afrika Mashariki pekee. Anayeandaa kamusi ya matumizi ya Maziwa Makuu angewatendea wema mabaharia kwa kuyaweka maana zote mbili, na onyo.

Gesi ya mitungi ni safi na ya haraka, lakini ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka na kujikusanya katika ngama, mahali pa maji machafu, ikingoja cheche. Katika chombo kilicho wazi kabisa upepo huiondoa. Katika chombo chenye sitaha, mtungi hukaa nje, nao hufungwa kwenye vali kila mara baada ya kupika.

Kwamba hofu hizi si za kubuni, ilionekana mwezi Aprili 2025 karibu na Mbandaka, katika Mto Kongo, mashua ya mbao yenye injini ilipowaka na kupinduka ikiwa na mamia ya abiria. Kwa maelezo ya maofisa wa huko, moto ulianzia kwa mwanamke aliyekuwa akipika chomboni. Idadi ya waliokufa iliyotangazwa ilipita 140. Wengi waliruka majini bila kujua kuogelea. Mwanamke yule alipika kwa sababu safari za mto ni ndefu na watu hula. Lawama ingeanza, pengine, kwa aliyejenga chombo bila kukitengea mahali pa moto.

Chomboni, maji hayamwagwi juu ya mafuta yanayowaka, kwani huyatawanya. Mchanga wa sandukuni au gunia lililoloweshwa hutosha. Makaa humwagiwa maji katika debe kabla ya kutupwa upande wa demani. Mwishoni mpishi huupapasa mchanga kwa mkono, na ukiwa bado una joto, mtu mmoja hubaki macho.