Je, Wajua? Vitufe Vinavyonyoosha Lebo ya Alizeti

Shift, Ctrl na Alt ukizibonyeza zenyewe haziandiki kitu. Lakini mtazame mbunifu wa steshenari pale Singida mjini akitengeneza lebo ya dumu la mafuta ya alizeti: mkono wa kulia umeshika kipanya, wa kushoto hauchezi mbali na vitufe hivyo. Kuna sababu!

Shift ilianza kwa kusukuma chuma
Kwenye taipureta ya Remington No. 2 ya mwaka 1878, Shift ilisogeza kigari kizima chenye karatasi ili herufi kubwa ipate nafasi ya kugonga. Mashine iliyoitangulia, ya 1874, iliandika herufi kubwa tupu. Kitufe hicho sasa kinaongoza picha kwenye skrini.

Mkono ukitetemeka, picha haiyumbi
Buruta nembo ndani ya programu ya kuchora ya Illustrator huku umeshikilia Shift: itakwenda mlalo, wima au mshazari wa nyuzi 45, basi. Ni uzi wa fundi mwashi ndani ya kompyuta. Siri yake? Achia kipanya kwanza, Shift baadaye. Ukitanguliza Shift, nembo inapotea njia.

Ukihama programu, vidole vinapotea
Katika CorelDRAW, programu ya Canada iliyotoka mwaka 1989, kunyoosha mwendo ni kazi ya Ctrl, wala si Shift. Inkscape, inayopatikana bure, nayo hutumia Ctrl. Ndiyo maana fundi hodari akikalia kompyuta ya mwenzake anaweza kuonekana mwanafunzi.

Alizeti ya petali 24 bila kupima
Ukizungusha umbo katika CorelDRAW huku umeshika Ctrl, linaruka nyuzi 15 kila hatua, na mduara mzima una hatua 24. Chora petali moja, shusha kitovu cha mzunguko hadi kwenye shina lake, zungusha hatua moja, kisha bofya kitufe cha kulia cha kipanya kabla ya kuachia cha kushoto: umepata nakala. Bonyeza Ctrl+R mara 22, na ua limekamilika!

Karatasi nzima kutoka lebo moja
Shika Alt unapoburuta lebo katika Illustrator: ya kwanza inabaki palepale, nakala yake inakufuata. Ongeza Shift, na nakala inakaa kwenye mstari mmoja na mama yake. Hapo karatasi ya kuchapa inajaa upesi, na mkasi unapita moja kwa moja.

Mshale mmoja, milimita 0.35
Illustrator isipobadilishwa mipangilio, kitufe cha mshale husogeza kitu sehemu moja ya 72 ya inchi. Shika Shift, kinaruka mara 10 ya hapo, yaani milimita 3.5. Nembo ya Shirika la Viwango (TBS) ikikaa pembeni kidogo, huna haja ya kugusa kipanya.

Mkono wa pili ulianza kazi 1963
Mwaka mmoja kabla ya Tanganyika na Zanzibar kuungana, Ivan Sutherland wa chuo cha MIT, Marekani, alionyesha programu ya kuchora ya Sketchpad. Mkono mmoja ulichora kwa kalamu ya mwanga, mwingine ulibonyeza vitufe, na mistari iliyochorwa ovyo ikajinyoosha yenyewe. Kipanya chenyewe kilikuwa bado hakijafika madukani!