Tovuti ya mama mushonaji: mambo ambayo diploma haikunifundisha



Wengi kati yetu tumemaliza masomo na kazi haionekani. Lakini karibu na nyumba kuna mama anayeshona, kijana anayechomelea milango ya chuma, papa anayeuza mbegu. Wote wanatafuta wateja, na sisi tunaweza kuwatengenezea tovuti, tukalipwa. Shida ni kwamba mara nyingi tunatengeneza tovuti juu ya kujionyesha sisi wenyewe, hapana juu ya kumusaidia muteja. Mimi ndiye wa kwanza kukosa.

Mama yangu mudogo anashona nguo za vikwembe mu komini ya Kenya, hapa Lubumbashi. Nilipomaliza masomo alinipa dola 150. Ilikuwa feza aliyoweka kidogo kidogo ya kununua mashine ya pili. Nikamutengenezea tovuti ya kujivunia: picha tano kubwa zinazopishana, muziki, na ukurasa mzima wa "Maono yetu". Kwenye kompyuta yangu ilipendeza sana. Miezi mitatu ikapita, hakuna muteja hata mumoja aliyetokea huko.

Siku moja nikachukua simu yake, nikaifungua. Tukangoja. Picha ya kwanza haijamaliza kutokea, akaniuliza: "Mutoto, bei ya kushona iko wapi?" Bei haikuwepo.

Nilirudilia kazi yote, bila kumuomba hata franka moja. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Anza na maswali ya muteja. Mbele ya kufungua kompyuta, kaa na mwenye biashara na umuulize: watu wanakuuliza nini kila siku? Kwa mushonaji ni haya: unashona nini, bei gani, siku ngapi, uko wapi, ninaongea na nani. Majibu ya maswali hayo ndiyo tovuti. Kitu kisichojibu swali, kitoe.

2. Ukurasa mumoja unatosha. Juu kabisa weka jina na sentensi moja: "Tunashona nguo za vikwembe, Lubumbashi, komini ya Kenya." Kisha picha za kazi, bei, mahali, na namna ya kuwasiliana. Muteja ashuke kwa kidole tu, asitafute mlango. Mu mwaka 2000 Mmarekani Steve Krug aliandika kitabu juu ya tovuti na akakiita Don't Make Me Think, maana yake usinifikirishe. Jina hilo peke yake ni somo.

3. Punguza uzito. Tovuti yangu ya kwanza ilikuwa na mega 6. Mutu aliyenunua mega 100 angeifungua mara 16 tu, na mega zake zimeisha. Picha inayotoka mu simu inaweza kuwa na mega 3 au 4 peke yake. Ipunguze upana, ikandamize, ibaki chini ya kilobaiti 100. Toa muziki, toa vitu vinavyorukaruka. Tovuti ya pili ina kilobaiti 300 tu, ni kusema nyepesi mara 20. Tusione haya: tovuti ya kwanza ya dunia, ile Tim Berners-Lee aliyotengeneza pale CERN, ilikuwa maandishi na viunganishi tu.

4. Weka kitufe cha WhatsApp. Wateja wetu hawapendi kujaza fomu ndefu, wanapenda kuongea. Andika kiunganishi kinachoanza na wa.me/ kisha namba. Toa 0 ya mbele, weka 243, bila alama ya kujumlisha. Mutu akigusa, mazungumuzo yanafunguka. Kitufe kiwe kikubwa, kidole cha mutu muzima kisikikose.

5. Andika vile watu wanasema. Maandishi meusi juu ya nyeupe, yasiwe madogo, juu muteja anasoma barabarani na jua liko kali. Tumia Kiswahili na Kifaransa, maana wateja wanaongea vyote viwili. Kwa mahali, usiandike tu avenue na namba. Taja kitu ambacho kila mutu anajua: soko, kanisa, shule.

6. Jaribu, kisha nyamaza. Mupe simu mutu ambaye hajaona tovuti, umuambie: "Tafuta bei ya roba." Usimusaidie. Pale anapokwama, kosa ni lako, hapana lake.

7. Tovuti ni ya mwenyewe. Hapa tunakosea vibaya. Jina la tovuti, likiwa .com ao .cd ya inchi yetu, linalipiwa kila mwaka. Ukiliandikisha kwa jina lako, kisha ukapata kazi Kolwezi na kubadilisha namba, yule mama atapoteza kila kitu. Andikisha kwa jina lake na kwa imeili yake. Neno la siri aliandike mu kaye yake. Umuambie wazi, mbele ya kuanza, atalipa ngapi kila mwaka. Kama hana uwezo huo, umuambie ukweli: WhatsApp Business yenye picha na bei inaweza kumutosha kwa sasa. Utakosa feza ya leo, lakini atakuamini kesho.

Mama yangu mudogo hakutajirika. Mashine ya pili bado hatujanunua. Lakini juma la pili nyuma ya kubadilisha tovuti, simu yake ililia. Ilikuwa namba asiyoijua: "Mama, nimeona bei. Naweza kuja kesho unipime?"

Alinionyesha ule ujumbe bila kusema kitu, akachukua futi yake na kurudi kwenye kazi.