Sura ya 6: Mwongozo wa Anayepiga Window kwa Mara ya Kwanza

Laptop nyingi za mtumba zinazouzwa Kariakoo zimetumika ughaibuni kabla ya kufika Dar es Salaam. Kaunta moja inaweza kuwa na Dell, HP na Lenovo za miaka tofauti kabisa. Hapo ndipo miongozo mingi ya kupiga window, yaani kusakinisha Windows, inapokwama: mwandishi anaeleza mashine yake, msomaji ameshika nyingine.

Chukua hatua ya kuifanya kompyuta isome flashi badala ya diski. Ukiandika "badilisha mpangilio wa kuwaka", mgeni hajui aguse wapi. Andika hivi: "Zima kompyuta, chomeka flashi. Washa, kisha bonyeza F12 mfululizo kama ni Dell au ThinkPad ya Lenovo, F9 kama ni HP. Itatokea orodha, chagua jina la flashi. Ikifunguka Windows ya zamani, umechelewa kubonyeza. Zima, anza upya."

Maelezo hayo yana mambo matatu: la kufanya, litakaloonekana, na la kufanya lisipoonekana. Hilo la tatu ndilo husahaulika, na hasara yake ni kubwa. Laptop nyingi zenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 11 na kuendelea huendesha diski kupitia teknolojia ya Intel iitwayo VMD. Mara nyingi flashi ya Windows haina draiva yake, hivyo orodha ya diski hutokea tupu. Mgeni ataamini diski imekufa, pengine akanunue nyingine. Mwambie mapema apakue draiva hiyo kwenye tovuti ya mtengenezaji, aifungue ndani ya flashi, na orodha ikiwa tupu abonyeze "Load driver".

Wi-Fi nayo ina kisa chake. Windows 11 hudai intaneti kabla ya kumaliza, ilhali draiva ya Wi-Fi huenda haipo. Simu ya Android iliyochomekwa kwa waya wa USB na kuruhusiwa kugawa intaneti kwa kawaida humvusha.

Mpangilio pia una uzito. Onyo kwamba picha na mafaili yatafutika likae kabla ya kitufe cha kufuta. Likikaa chini yake, msomaji atalikuta ameshabonyeza.

Ukimaliza kuandika, mpe mwongozo mtu asiyewahi kupiga window, kaa pembeni, usiseme neno. Kila atakapokwama, paandike upya.