Uungu wa Kwenye Simu na Mvua ya Mawe ya Kericho

Wazazi wenzangu, likizo ya shule ikiingia, simu ya mama huwa mali ya watoto. Miongoni mwa michezo waichezayo imo aina ambayo mchezaji hawi askari wala dereva, bali hupewa kuwa mungu: huinua milima, huteremsha mvua, na watu wadogo wa kwenye kioo humwabudu. Aliyeipa umaarufu aina hii ni Mwingereza Peter Molyneux, kwa mchezo wake Populous wa mwaka 1989.

Mwaka 2012 Molyneux na kampuni yake, 22cans, waliomba watu wachangie mchezo mpya uitwao Godus, zikapatikana zaidi ya pauni 500,000. Mwaka uliofuata, kijana mmoja wa Uskoti alishinda shindano lao, akaahidiwa kuwa mungu wa miungu ndani ya mchezo huo na kupewa sehemu ya mapato. Kufikia 2015 ilibainika kwamba hakupata hili wala lile. Mchezo haukukamilika ulivyoahidiwa, na mwaka 2023 ukaondolewa katika duka la mtandaoni la Steam.

Wachezaji walichoshwa na nini? Kazi ya mungu huyo ilikuwa kugusagusa kioo, akisukuma ardhi tabaka baada ya tabaka, na kuvuna imani iliyoelea juu ya nyumba za waja wake. Imani ikawa sarafu. Toleo la simu la 2014 likaja na vito vya kununuliwa kwa fedha halisi. Ajabu iliyoje! Mungu ashindwaye kusubiri, akategemea mfuko wa babake.

Sasa tuitazame chai tunayoitia iliki na tangawizi. Nyingi hutoka nyanda za juu, Kericho na Bomet zikiwemo, ikateremshwa hadi mnada wa Mombasa. Huko Litein na Mogogosiek mkulima hana kioo cha kugusa. Mche hungojewa takriban miaka mitatu ndipo uchumwe. Kisha huchumwa majani mawili na chipukizi, na baada ya wiki moja au mbili mchumaji hurudi palepale. Nayo Kericho ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Muda mchache tu watosha kuyachanachana majani yaliyongojewa siku nyingi. Katika miaka ya 1960 mashamba makubwa yalijaribu kuyaamrisha mawingu: yalirushwa maroketi, kisha ndege zikanyunyiza kemikali. Mvua ya mawe ingali yanyesha Kericho hadi leo.

Twaijua habari ya mfalme aliyehojiana na Nabii Ibrahim, alayhis salaam, akadai kuwa naye huhuisha na kufisha. Alipotakiwa alilete jua kutoka magharibi, alifadhaika asiwe na jibu.

Sidhani mtoto atajiona mungu kwa sababu ya mchezo; ajua kuwa ni mchezo. Ninachokihofia ni kwamba atazoea kuiona ibada kuwa kitu cha kuhesabiwa na kuvunwa, na uwezo kuwa ni kupata upesi au kulipa. Mola wetu tunamwita Al-Qadir, na twamwita pia Ar-Rahman na Al-Halim. Mchezo ule ulichukua uwezo, ukaacha rehema na upole. Ndiyo maana hata aliyekaa katika kiti hicho cha enzi alipiga miayo.

Basi msimnyang'anye mtoto simu kwa hasira. Kaeni naye, mumwulize: watu wako wakipatwa na janga, wewe huwahurumia? Mpeni mche wa mlimau autie maji kila alfajiri, ajue kungoja kulivyo. Na kabla ya yote, fungeni malipo ya simu kwa namba ya siri asiyoijua.