Mganda Aliyeanzisha "Kwetu"

Watu wa Korogwe wamezoea wageni. Tangu reli ya Tanga ilipofika mjini hapo mwaka 1902, mashamba ya mkonge yaliwaita watu wa makabila mengi, na Wazigua wa Handeni wakakutana nao huko huko kazini. Basi haitakuwa ajabu kwao kusikia kwamba gazeti la kwanza lililomilikiwa na Mwafrika katika Tanganyika lilianzishwa na mtu wa kuja, kutoka Uganda, jina lake Erica Fiah.

Magazeti ya Kiswahili yalikuwapo kabla yake, tena jirani. Wamisioni wa Magila walichapa Habari za Mwezi. Serikali ya Mdachi ikatoa Kiongozi huko Tanga tangu 1904. Mwingereza naye akaleta Mambo Leo mwaka 1923. Yalifundisha mengi mema, kilimo, usafi na habari za dunia, na mashairi hayakukosekana. Lakini mwenye gazeti ndiye mwenye neno la mwisho, na mwenyewe hakuwa mkulima wala kibarua.

Fiah aliliona hilo. Alikuwa karani wa Serikali, kisha akaiacha ofisi akawa mwenye duka Dar es Salaam. Mwaka 1934 aliunda African Welfare and Commercial Association, chama cha kusaidiana na kuinua biashara ya Waafrika. Mwaka 1937 akatoa Kwetu. Fikra za Marcus Garvey, yule Mjamaika aliyewahimiza watu weusi wajitegemee, zilikuwa zimemwingia sana. Alizitia katika Kiswahili cha kueleweka sokoni, akatetea biashara, elimu na ujira wa Mwafrika chini ya macho ya watawala.

Hatumfanyi malaika. Chama chake kilishindana na African Association, iliyoanzishwa 1929, na ugomvi huo ulipoteza nguvu za pande zote mbili. Kazi yenyewe ilikuwa nzito: gazeti la muuza duka halina hazina nyuma yake, na nakala moja hununuliwa na mmoja ikasikilizwa na kumi. Asiyewahi kuungoja mzigo wa karatasi kwa deni hataujua uchungu huo.

Je, alikuwa mgeni? Jina alilolipa gazeti ndilo jibu lake.

Kwetu lilikoma mwaka 1951. TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, halikuwapo tena kuitangaza habari hiyo.