Mradi "wa jamii": jamii iko na hisa ngapi?

Kila mdahalo wa stima, lazima mtu aseme mradi wa upepo ni "wa jamii". Hapo muulize: jamii iko na hisa ngapi?

Kukodisha shamba si kumiliki mtambo. Kwa kodi, analipwa mwenye shamba. Jirani anabaki na kelele tu. Kwa hisa, hata huyo jirani anakula faida na kupiga kura kwa mkutano wa mwaka.

Samsø, kisiwa cha wakulima huko Denmark, walisimamisha mitambo 11 ya nchi kavu mwaka 2000. Tisa ilikuwa ya wakulima, miwili ya ushirika wa wakaazi.

Kwetu Kinangop, kampuni ilikodi mashamba, watu wakaandamana kuhusu ardhi na fidia, na mradi wa karibu megawati 60 ukafa 2016. Eti wakulima walikataa maendeleo? Mimi siamini. Hawa ni watu wanaouza maziwa kupitia ushirika. Kwa upepo walibaki wapangishaji tu.

Si eti ushirika ni dawa. Samsø walihakikishiwa bei ya stima mapema, ndiyo benki zikakopesha. Hapa, bila mkataba na Kenya Power, benki itakuangalia tu. Na chairman anaweza kula pesa. Hiyo wakulima wa kahawa hawahitaji kufunzwa.

Halafu ukiahidiwa "asilimia 5 ya jamii", uliza: ya mapato ama ya faida? Mapato yanahesabika kwa stima iliyouzwa. Faida, kampuni inaweza kuandika sufuri miaka kumi, na asilimia 5 ya sufuri unaijua.