Njaa Si Jambo la Tumbo Peke Yake

Wahenga walinena ya kuwa mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Ukweli wa neno hilo ulionekana wazi huko Marekani, katika jaribio lililofanywa mwaka 1944 na 1945.

Wakati huo Vita Kuu ya Pili ilikuwa ikielekea mwisho wake, na watu wengi sana wa Ulaya walikuwa wamekonda kwa kukosa chakula. Ilikuwa dhahiri kwamba itapasa kuwalisha, lakini wataalamu hawakujua vyema jinsi ya kumrudishia nguvu mtu aliyeona njaa miezi mingi. Ndipo Dkt. Ancel Keys, wa Chuo Kikuu cha Minnesota, alipotafuta watu wa kujitolea. Wakachaguliwa vijana 36 wenye afya njema, ambao kwa ajili ya imani zao walikuwa wamekataa kushika silaha.

Kwa majuma 12 vijana hao walilishwa vizuri na kupimwa. Kisha, kwa majuma 24, chakula chao kikapunguzwa hata kikawa karibu nusu ya kile cha kwanza. Walipewa viazi, kabichi, mkate na makaroni, mara mbili tu kwa siku; na kila juma iliwapasa kutembea maili 22.

Uzito wao ulipungua kwa kadiri ya robo. Mioyo yao ilipiga polepole, nao wakaona baridi hata wakati wa joto. Mwili ulikuwa ukijiwekea akiba, kama mtu apunguzaye utambi wa taa ili mafuta yasiishe upesi.

Lakini la ajabu zaidi ni jinsi tabia zao zilivyogeuka. Vijana waliokuwa wachangamfu wakawa wakali na wapweke. Masomo yakawachosha, wala mambo ya dunia hayakuwavuta tena. Mawazo yao yote yalikuwa juu ya chakula: wengine walisoma vitabu vya mapishi, wengine wakaota ndoto za kula, na walipokwisha kula walilamba sahani zao. Wachache walishindwa kujizuia, wakavunja masharti kwa siri.

Chakula kilipoongezwa tena, mambo mawili yalifahamika. La kwanza, vitamini hazikuwafaa kitu ikiwa chakula chenyewe hakikutosha. Mwili ulihitaji kwanza chakula kingi, kupita kile cha mtu mzima wa kawaida. La pili, hamu ya kula haikutulia upesi. Wengine walikula hata tumbo likajaa kabisa, na bado wakaona njaa. Ilichukua miezi mingi kabla hawajarudia hali yao ya zamani. Habari hizo zote zilitolewa katika kitabu kikubwa mwaka 1950.

Basi mtu aliyekula siku zote na awe mwangalifu anapomhukumu aliyekosa. Mtoto asinziaye darasani, au kibarua ajibuye kwa hasira na kulegea kazini, pengine si mvivu wala hana adabu mbaya. Vijana wa Minnesota walikuwa wamechaguliwa kwa afya na tabia zao njema, lakini miezi sita ya chakula kidogo ilitosha kuwageuza. Kabla ya kumkaripia mtu wa namna hiyo, ni vema kumwuliza kwanza: Je, umekula nini leo?